GPS ya boti haiongei na redio? Shika testa kwanza, menyu baadaye

Simu huwa inakuja hivi: "Fundi, GPS imekufa." Ukifika kwa maji unakuta GPS iko hai kabisa, imeshika satelaiti zake vizuri, shida ni redio ya VHF ndio inalia haina posisheni, ama kina cha maji hakitokei kwa skrini kubwa, ama kila kitu inazima nahodha akipiga stata. Zote wanaziita GPS imekufa.

Mimi nilianza na redio za gari pale Kondele, Kisumu, nikaingia CCTV, alafu boti zikanipata. Yenye imenifunza mengi ni boti moja ya faiba, futi 24, inabeba wageni kutoka Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, kuangalia viboko na siku zingine inafika kisiwa cha Ndere. Mwenyewe alitumiwa vifaa na kijana wake aliye ng'ambo, mitumba yote: chatploti (ile skrini ya ramani yenye GPS), redio ya VHF yenye DSC (ile ya kutuma wito wa dharura pamoja na posisheni), kipokezi cha AIS (kinaonyesha vyombo vingine vinavyotangaza mahali viko), na sona ya kupima kina. Kila moja ya mwaka wake na hakuna kitabu hata kimoja. Fundi wa kwanza alikuwa amezifunga siku mbili na hakuna iliyokuwa inaongea na mwenzake, so mzee akanipigia. Hapo chini naandika dalili venye nimezikuta kwa hiyo boti na zingine, na chanzo chake. Kama uko na haraka ruka hadi dalili yako lakini usiruke hii ya kwanza.

Skrini inazima ukipiga stata, ama redio inakatika ukifinya kuongea

Hii si data, hii ni umeme. Weka testa kwa volti DC, lakini usipime kwa betri, pima kule nyuma ya kifaa kwenye plagi yake, na upime wakati shida inatokea, si wakati boti imelala. Betri ya asidi ikiwa imejaa na imepumzika inaonyesha kama 12.6 hivi. Pale nilipima kwa betri nikapata 12.5, nikasema safi, nikaenda kwa dashi nikamwambia kijana apige stata, ikashuka hadi 8.7. Chatploti ikajizima ikawaka tena. Vifaa vya NMEA 2000 (lugha ya kisasa ya vifaa vya boti kuongea, nitaieleza hapo chini) vimetengenezwa kufanya kazi kati ya volti 9 na 16, so ukishuka chini ya 9 usishangae.

Sababu ziko mbili kubwa. Betri yenyewe imechoka ama ni moja inafanya kazi zote, stata na vifaa. Dawa ni betri ndogo ya pembeni ya vifaa peke yake. Ya pili ni waya mwembamba. Watu wanatumia ile waya ya nyumba ya 1.5, ile ngumu ya nyuzi moja, kwa sababu inapatikana kila hadwea. Piga hesabu: waya ya 1.5 ina kama miliomu 12 kwa kila mita, boti ina mita 6 kutoka betri hadi redio, kwenda na kurudi ni 12, jumla kama 0.14 ya omu. Redio ya VHF ikiongea kwa wati 25 inakula ampea 5 hadi 6. Hapo umepoteza karibu volti 0.8 kwa waya tu, na bado hujahesabu swichi na viungo vyenye kutu. Ukiweka ya 4 unapoteza kama 0.3. Jaribio la haraka: weka redio kwa wati 1, finya kuongea, ikiwa haikatiki na kwa 25 inakatika, wewe uko na shida ya waya ama betri, usifungue redio ya watu.

Alafu fyuzi. Nimekuta karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara imekunjwa pale fyuzi inakaa. Ndugu yangu, hapo chini kuna tangi ya petroli. Ukianza kazi toa kwanza hasi ya betri, fungua mifuniko hewa ipite, ndio ushike spana.

Na hizi injini ndogo za kuvuta kamba, zingine zina koili ya taa ambayo inatoa umeme wa AC, na volti inapanda na mwendo wa injini. Mtu anatoa waya hapo moja kwa moja anapeleka kwa GPS. Inafanya kazi injini ikiwa pole, ukifungua gesi inachoma. Lazima upitie rektifaya yenye regyuleta (inageuza AC kuwa DC na kushikilia volti) alafu betri, ndio kifaa.

Redio inasema haina posisheni na chatploti inaiona vizuri

Hii ndio kesi ya kila wiki. Kwanza jua vifaa vyako vinaongea lugha gani. Ya zamani ni NMEA 0183: waya nyembamba za rangi rangi zinatoka nyuma, unaziunga moja moja. Ya kisasa ni NMEA 2000: plagi ya mviringo yenye pini tano, ukizungusha inajifunga. Hizi mbili haziunganishwi waya kwa waya, hata ukae hapo hadi usiku, zinataka kigeuzi katikati. Nimekuta mtu amekata kebo nzuri kabisa ya NMEA 2000 akaunga nyeupe yake na waya wa redio wa 0183.

Kwa 0183 sheria ni moja tu na ni kama mkutano wa chifu: mmoja anaongea, wengi wanasikiza. Waya wa kuongea wa GPS unaenda kwa waya wa kusikiza wa redio. Kosa la kawaida ni watu kuunga kuongea na kuongea kwa sababu zote zimeandikwa TX, ama wameona rangi zinafanana. Usiamini rangi hata kidogo. Kila kampuni ina rangi zake, bluu ya huyu ni kuongea, bluu ya yule ni kitu ingine kabisa. Tafuta namba ya modeli, ingia intaneti, pata mchoro wake. Dakika kumi za kusoma zinaokoa siku mbili.

Sasa hapa ndio kuna utamu. Vifaa vingi vina waya mbili za kuongea, TX chanya na TX hasi, na mbili za kusikiza, RX chanya na RX hasi. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kwisha. Lakini vingine vina moja tu ya kuongea na kurudi kwake ni erthi ile nyeusi ya umeme. Kama GPS ina moja na redio ina mbili, peleka ile moja kwa RX chanya, alafu RX hasi uiunge na erthi ya GPS. Watu wanaiacha RX hasi ikining'inia na wanashangaa. Ikiwa ni kinyume, GPS ina mbili na redio ina moja na erthi, unga TX chanya kwa RX, erthi kwa erthi, na ile TX hasi uifunge ncha na tepu uiache. Usiipeleke erthi, unailazimisha ile chipu kusukuma umeme kwa shoti.

Ile boti ya Dunga ilikuwa hivo. GPS ina waya mbili za kuongea, redio ina mbili za kusikiza, fundi wa kwanza akaunga zote nne lakini akageuza chanya na hasi. Haikuungua kitu, ilikuwa tu kimya. Nikageuza, sekunde chache redio ikashika posisheni. Mzee akauliza, "Ni hiyo tu?" Nikamwambia ni hiyo tu, na bado anilipe.

Ukishamaliza waya na bado kimya, pima kama kuna mtu anaongea kweli. Testa kwa volti DC kati ya TX chanya na TX hasi, GPS ikiwa imewaka: namba inachezacheza kila sekunde. Ikisimama tuli hakuna kitu inatoka, ingia menyu ya GPS, poti nyingi huja zimezimwa ama zimewekwa lugha ya kampuni yenyewe, weka NMEA 0183. Kama inacheza na redio haisikii, angalia spidi. Spidi ya kawaida ni biti 4800 kwa sekunde. AIS inatumia 38400. Pande zote mbili zikose kufanana, yule anasikiza anasikia takataka. Mwisho ndio sentensi, yaani mstari wa data ambao kifaa kinatuma: redio inataka posisheni, yaani RMC ama GGA ama GLL, na ukiwa na laptopu na adapta ya RS-485 ya USB, hizi za bei ya chini, unaweza kuona kwa macho. Mstari unaanza na $GPRMC ama kifaa kipya $GNRMC. Baada ya muda kuna herufi A ama V. A ni posisheni nzuri, V ni GPS bado haijashika satelaiti, kwa hivo waya wako hauna makosa, toa antena chini ya bati. Ukiona herufi za ajabu ajabu badala ya maneno, geuza A na B ya adapta, hizo alama za A na B kwa adapta za bei ya chini haziaminiki na kugeuza hakuchomi.

Data inakuja inapotea, inakuja inapotea

Karibu kila mara ni waongeaji wawili kwa waya mmoja. Mtu ana sona inaongea kina, ana GPS inaongea posisheni, anataka zote zifike kwa redio ama laptopu, anazifunga pamoja kama waya za taa. Sasa zote zinaongea kwa wakati mmoja, sentensi zinagongana, na ile namba ya uhakiki inakuwa mwisho wa sentensi baada ya nyota haikubali, kifaa kinatupa. Mara moja moja sentensi moja inapita salama ndio unaona namba inatokea sekunde moja. Ukitaka wawili waongee nunua multipleksa, inasikiza kila mmoja kwa mlango wake na kupanga foleni. Na usijaribu kupitisha AIS ya 38400 ikatoke kwa mlango wa 4800, mlango ni mdogo, ukikaribia meli nyingi inafurika.

AIS haionyeshi chombo chochote

Kabla ufungue kitu jiulize kama kuna cha kuonekana. Mitumbwi ya wavuvi haina AIS. Ukiwa katikati ya Ghuba ya Winam skrini ikiwa tupu inaweza kuwa ni ukweli mtupu. Angalia taa ya kipokezi kama inapepesa ukiwa karibu na chombo ambacho unajua kina AIS. Inapepesa na skrini ni tupu? Spidi, 38400, tumeshaongea. Haipepesi? Antena. AIS inatumia mawimbi ya VHF, so antena yake haifai kugawanywa na redio kwa kiungo cha tii cha televisheni, maana ukifinya kuongea wati 25 zinaingia kwa kipokezi. Kuna kigawanyi chake maalum.

NMEA 2000: vifaa havionekani, ama nusu vimepotea

Hii ni rahisi kupima kuliko 0183 na watu wanaiogopa bure. Ni waya mkuu mmoja mrefu, kila kifaa kinashuka kutoka kwake kwa kiungo cha T, na kwa ncha mbili za waya mkuu kuna terminata (rezista ya kufunga ncha), kila moja omu 120. Zima umeme kabisa. Weka testa kwa omu, pima kati ya pini ya waya mweupe na pini ya waya wa bluu. Inafaa kusoma karibu 60. Ukipata 120, terminata moja haiko ama waya mkuu umekatika mahali. Ukipata 40, kuna mtu ameongeza ya tatu. Karibu sufuri ni shoti. Ukiona haisomi kitu, hakuna terminata hata moja.

60 iko sawa na bado kimya? Washa, pima nyekundu na nyeusi kwa ncha ya mbali, inafaa kuwa 12 na kitu. Huu mtandao hauna umeme wa kwake, unataka waya wa umeme kupitia T yake, fyuzi yake, mahali pamoja tu. Wengi wanadhani ukiwasha chatploti mtandao umewaka pia. La.

Na hapa nicheke kidogo. Fundi wa stima za nyumba akiona bluu anajua hiyo ni nyutro, amefundishwa hivo na hajakosea, kwa nyumba. Kwa NMEA 2000 hasi ni nyeusi, na bluu ni data. Nimekuta boti Mbita bluu imefungwa kwa hasi ya betri na nyeusi imefungwa tepu. Vifaa vinne, kimya. Tulikuwa na bahati vyote vilifufuka. Wewe usijaribu kuona kama utakuwa na bahati.

Urefu pia: waya wa kushuka kutoka T hadi kifaa usizidi mita 6, na usiunge kifaa nyuma ya kifaa kama taa za Krismasi. Ile waya tupu ya ngao iungwe erthi mahali pamoja tu.

Kina cha maji kinadanganya

Kama kina hakitokei kabisa kwa skrini ingine ni habari ya waya, rudi juu, sentensi zake ni DPT ama DBT. Kama kinatokea lakini ni cha uongo, waya hauna kosa.

Ghuba yetu ni ya maji kidogo, na kwa maji kidogo sauti ya sona inagonga chini, inarudi juu, inagonga uso wa maji, inashuka tena, so kifaa kinaweza kushika mwangwi wa pili na kukuambia mita 6 wakati ni 3. Hiyo ni hatari kuliko kukosa namba. Punguza nguvu ya kusikia, yaani ile geini, na uweke masafa madogo. Gugu maji nalo: ukiingia kwa gugu namba inaruka inakuwa vistari, toka uone kama inarudi kabla ulaumu transdusa, ile sehemu ya sona inayokaa majini. Na vifaa vya kutoka pwani ama ng'ambo huja vimewekwa maji ya chumvi. Ziwa ni maji baridi, sauti inaenda polepole kidogo, badilisha setingi. Angalia pia kama ni futi ama mita, kuna mtu aliniambia Dunga ina mita 10 pale kwa gati.

Ikisoma vizuri ukisimama na kupotea ukikimbia, ni hewa chini ya transdusa. Shusha kidogo, itoe kwa mapovu ya propela.

Kelele kwa redio usiku tu

Hii nilihangaika nayo. Mchana redio safi, usiku inavuma shhhh na haisikii mtu mbali. Boti ilikuwa na taa za LED, kama hizi za kuvua omena, na chaja ya simu ya bei ya chini. Ndani ya hizo kuna saketi ya kupunguza volti inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na inatoa mawimbi. Jaribio: zima kila kitu, acha redio, fungua skwelchi (ile inanyamazisha kelele) usikie ile sauti ya kawaida, alafu washa kimoja kimoja. Ukifika kwa mkosaji utasikia. Msogeze mbali na antena, sokota waya zake mbili pamoja, weka feraiti (kile kipande cheusi cha kuvalisha waya kinachozuia kelele), ama nunua taa nzuri. Kontrola ya sola pia inaweza kuwa mkosaji lakini hiyo utaisikia mchana.

Vitu vinavyoonekana vimeharibika na havijaharibika

Mshale wa boti unazunguka ukiwa umetia nanga: GPS inajua unaelekea wapi ukiwa unatembea tu, ukisimama inabahatisha. Ukitaka mwelekeo ukiwa umesimama unahitaji dira ya elektroniki, na usiiweke karibu na spika.

Saa iko nyuma masaa matatu: hiyo ni UTC, saa ya kimataifa, weka +3. Mzee wangu alichanganyikiwa kabisa, ni saa kumi na mbili asubuhi, simu inasema 6:00, redio inasema 03:00.

Posisheni uliyoandika kwa mkono ni ya ajabu: angalia N na S. Kisumu iko kusini ya ikweta kidogo tu, kama 0°06' S. Ukiandika N umejipeleka Vihiga, karibu na Mbale, na ukifinya kile kitufe chekundu cha dharura kwa redio watakutafuta huko kwa milima. Kitufe chenyewe bila MMSI hakifanyi kazi, hiyo ni namba ya kutambulisha redio yako, ya tarakimu 9, ya Kenya inaanza na 634. Usibuni yako, redio nyingi zinakubali kuandikwa mara moja ama mbili alafu zinajifunga.

Ufuoni inafanya, majini inakufa

Boti ya Dunga ilirudi baada ya wiki mbili. Kwa gati kila kitu poa, ukifika karibu na Ndere redio inasema haina posisheni, ukirudi poa. Nikapima yote, safi. Mwisho nikaingia na wao, nikakaa chini sakafuni nikishika waya nikitingisha mmoja mmoja kwa mawimbi, wageni wananiangalia kama mgonjwa. Chini ya kiti cha nyuma, nyuma ya maboya ya kuvaa, nikapata kiungo cha kusokota kwa mkono na tepu nyeusi, ndani kimegeuka kijani, na ile waya ngumu ya nyuzi moja ilikuwa imevunjika ndani ya plastiki. Ikiguswa na wimbi inaachana, ikitulia inashikana. Nikakata nusu mita yote, nikaweka waya laini wa nyuzi nyingi, lagi za kubana, mpira wa kupasha moto juu, na nikaufunga kwa ukuta kila inchi chache usicheze.

Alafu nikachora mchoro wa waya zote kwa mfuniko wa boksi ya betri, nani anaongea na nani, rangi gani inaenda wapi. Nilitumia maka peni, mvua ya kwanza ikaifuta. Saa hii natumia rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu ni kuongea, ya waridi ni kusikiza, na hajajua inaishia wapi.